Madume Waliomiminwa Chupa Moja

Jumanne, usiku

Nimepoteza nzi wangu arobaini wa matunda, wote madume, leo mchana, nilipokwenda kula. Hawakufa. Mashaka, mtunza stoo wa maabara, amewamimina wote kwenye chupa moja.

Kila dume nilimlea peke yake tangu alipozaliwa, ndani ya kichupa chake, kwa ndizi iliyopondwa na hamira. Dume aliyekaa pweke, ukimkutanisha na mwenzake penye chakula, humrukia, nami nahesabu mapigo. Aliyezoea wenzake hana ugomvi.

"Fundi, nchi nzima inahamia vijiji vya ujamaa," Mashaka akacheka nilipomuuliza. "Hawa nzi wako ndio mabepari?"

Kumbe alitaka vichupa tu.

Jioni nimejaribu jozi kumi. Pigo moja. Moja! Wanakula pamoja kama ndugu msibani.

Kesho mtaalamu wa wadudu niliyemwandikia habari zao anashuka na treni ya Dar kuwaona wakipigana. Wasipopigana ataniita mwongo, na kazi basi. Nirudi kwetu Usoke kuchuma tumbaku, mimi niliyejifunza hadubini kwa kuchungulia dirisha la maabara...

Mashaka, ukurasa huu nauchana na kukuachia mlangoni pa stoo: utamwambia mgeni kwa kinywa chako kwamba ni wewe uliyewachanganya? Ndiyo au hapana. Treni inaingia saa mbili asubuhi. Nataka jibu kabla haijasimama.