Waya Unaovutwa na Kilima

Dubai,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na safari hii nakusalimu kwa karatasi, kwa sababu karatasi huwezi kuikata kama unavyonikata kwenye simu. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Bado unateremka mwenyewe na mkebe wa maziwa, au umekubali mtu wa bodaboda akubebee? Jibu nalijua. Mimi ni mzima. Joto la huku limenikausha kidogo, lakini nakula, nalala, na tumepata kanisa lenye watu wa kwetu wa kutosha hata tunaimba kwa Gikuyu. Barua hii anaileta mwenzangu wa kazini anayekuja likizo Karatina. Atamwachia Wanja pale Ruring'u, na nimemwambia dada yangu akuletee mkononi, kisha asiondoke mpaka umalize kuisoma.

Krismasi uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikasema ni ya mtandao, ukaniambia hilo si jibu. Haya, sikiliza. Kuna biashara ambazo mtandao ukilegea kidogo tu zinaumia: hoteli, hospitali, viwanda. Hazitaki kungoja mtandao ufe ndipo zianze kupiga simu na kulalamika. Zinatulipa sisi tuutazame. Mashine yetu inatuma ujumbe mdogo mpaka kwa mteja, inangoja urudi, inatuma mwingine. Ukichelewa au ukipotea njiani, mimi naona kwenye skrini yangu kabla mteja hajajua lolote. Ni kama wewe unavyompapasa ng'ombe kiwele kila unapomkama. Hungoji akatae kula ndipo ujue ni mgonjwa.

Mmoja wa wateja wangu ni ushirika wa maziwa huko Gakindu. Ndiyo, hao hao wanaopima maziwa yako. Nilipopewa kazi ya kuwatazama nilifurahi kama mtoto, kwa sababu waya wao unapita kwenye zile nguzo zilizo juu ya nyumba yetu, pale mteremkoni kwenye majani ya ng'ombe, ile napier. Ndani ya waya ule kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga. Kila asubuhi nilikuwa nikifungua skrini nasema, huu mwanga umetoka kumpitia mama.

Mama, huo mwanga umekuwa ukififia. Mvua ya masika ilipoanza, ikinyesha sana unapungua, kukikauka haurudi ulipokuwa. Ushirika hawakuwa wameona kitu, risiti zao zilikuwa zinatoka vizuri. Nikampigia Muriuki, fundi wetu wa upande wa Nyeri, ambaye kwetu anapajua, aende akatazame. Akanijibu akiwa juu ya ngazi.

"Sista, hii waya imekazwa vibaya. Ni kama kamba ya ng'ombe yenye imekataa kuenda."

"Nani ameikaza?"

"Hakuna mtu ameigusa. Lakini usijali, kuna ingine ya akiba tuliacha imezungushwa hapa kwa nguzo. Nairegeza kidogo tu."

Akalegeza. Mwanga ukapanda, mteja akashukuru, bosi wangu akatuandikia pongezi. Baada ya wiki chache ukafifia tena. Akaenda, akalegeza, tukapongezwa tena. Aliporudi huko mara ya tatu hakuwa na mzaha wake wa kawaida.

"Wangui, ile waya ya akiba imeisha," alisema. "Na si ati nguzo inainama. Nguzo imesimama sawa kabisa, lakini haiko pale tuliichimbia. Imeshuka na mchanga yake. Niliingia kwa napier nikaona ufa. Mguu yangu yote iliingia."

Nikamuuliza ufa unaelekea wapi.

"Unapita juu ya boma ya mama yako," akasema. "Kutoka hii upande mpaka ile ingine."

Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka maneno yako mwenyewe. Uliniambia mlango wa jikoni umekataa kufunga, ukamwita fundi wa mbao akaupiga randa. Mvua iliyofuata ukakataa tena, akaupiga randa tena, na mimi nikacheka nikasema huyo fundi anaifuata chai yako. Uliniambia pia maji yametokeza chini ya jikoni, mahali ambapo tangu uolewe hapakuwa na hata tone, na ukapanda nduma kwa kuwa zinapenda maji. Akina mama wa kanisa wakaja wakaomba na kumshukuru Mungu kwa chemchemi. Ukanitumia picha ya zile nduma zikiwa na majani mapana, nikaiweka kwenye simu niione kila nikiifungua. Nimeitoa. Siwezi kuitazama tena.

Mama, kilima kimelowa kama mkate kwenye chai, na maji yanatafuta pa kutokea. Mlango hauna kosa lolote. Ni nyumba inayopinda. Naogopa, na nakuambia wazi kwamba naogopa.

Sikukaa kimya. Nilimpigia chifu, akatuma mtu, mtu akaona napier nzuri akarudi zake. Nilimwandikia bosi, naye akajibu upesi sana: waya uhamishwe, upitie upande wa pili wa barabara. Wiki hii wanauhamisha. Unaelewa maana yake? Ushirika watapata mtandao mzuri kuliko zamani, na mimi sitajua tena kilima kinafanya nini. Waya ule ndio uliokuwa macho yangu kwako. Kuanzia sasa ikinyesha huko kwetu Mukurweini nitakuwa nimekaa hapa sioni kitu.

Kwa hivyo nakuomba uhame. Wanja ameshasafisha chumba cha nyuma kwake. Utalalamikia kelele za uwanja wa michezo wa pale Ruring'u, na ulalamike tu, nitafurahi kukusikia. Ng'ombe atakaa kwa shangazi ng'ambo ya mto mpaka mvua ziishe na wataalamu wa udongo waje. Ulitulea na ile methali ya asiyesikia la mkuu. Leo naomba mkuu asikie la mtoto.

Najua utakachosema. Ulikisema mara ya mwisho kabla hujanikatia: "Nikitoka hapa hata wiki moja, Gachanja anaingia." Sikulaumu. Baba alipozikwa, ndugu yake huyo alikuja na kamba ya kupimia kabla maua ya kaburini hayajanyauka, na kama si ukaidi wako tungelelewa kwa watu. Umelala katika nyumba hiyo kila siku tangu wakati ule, hata harusi ya Wanja ulirudi jioni, ili asikute mlango umefungwa. Ukaidi huo ndio uliotusomesha. Sasa ndio unaoninyima usingizi.

Nisalimie Wanja na mume wake. Shangazi mwambie asimlishe ng'ombe wako majani ya ndizi peke yake. Fundi wa mbao mwambie apumzishe randa. Akina mama wa kanisa wasalimie sana, waombe tena, lakini kwanza wakusaidie kubeba vyombo.

Anko Gachanja usimsalimie. Nimempigia mwenyewe. Nilitaka aahidi mbele ya wazee kwamba hatagusa shamba ukiwa haupo, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Badala yake akasema hivi, na nimeandika kama alivyosema:

"Mbuzi zangu nilikuwa nafunga hapo kwa mpaka. Nilizitoa. Hiyo ardhi inatembea, Wangui, nimeisikia na miguu yangu. Ambia mama yako hiyo shamba sitaki. Hata akinipatia na hati juu yake, sitaki. Atoke."

Ni mimi binti yako,
Wangui