Fremu ya Kumwinulia Ng'ombe

Jumatano, 13 Novemba 2024
Ng'ombe hajainuka. Siku ya pili tangu azae. Daktari wa mifugo amemdunga dawa, akasema asipoinuliwa wiki hii miguu itakufa. Ainuliwe na nani? Zamani ningepiga yowe, wanaume kumi waje na miti. Leo nimepiga — wamekuja wazee wawili na fimbo zao. Marehemu mume wangu Mokua aliniachia vitu vingi, lakini kinachopumua ni huyu tu.

Alhamisi, 14
Fundi Abner, mchomelea vyuma, atanitengenezea fremu ya kumwinulia. Nguzo za bomba, boriti juu, na vyuma viwili virefu vyenye meno ya skurubu mwili mzima, kila kimoja na ndoano chini. Unazungusha nati kwa spana, mkanda wa magunia unapanda na ng'ombe. Nimetumwa sokoni Nyaramba kununua vyuma. Kulikuwa na vyeusi na vinavyong'aa. Muuzaji akasema vinavyong'aa vina zinki, havishiki kutu. Nikachukua hivyo. Mimi na akili zangu!

Ijumaa, 15
Abner alipoviona alishika kichwa. Zinki haichomelewi hivi hivi, moshi wake unamfanya mtu augue. Lazima isagwe kwanza. Ng'ombe hana hata wiki, nami nanunua chuma cha miaka ishirini! Amesaga mchana kutwa. Ndoano ya kwanza imeshika. Ya pili ameishikiza kwa nukta mbili tu za kuchomelea, jua likazama. Sabato imeingia. Akazima mashine ya welding, akaifunika gunia, akaiacha hapa. Nikamkumbusha ng'ombe wa Injili aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Akajibu:
“Dada, Bwana alisema avutwe. Hakusema achomelewe.”
Nimemchukia, na ni mzee wa kanisa letu.

Jumamosi, 16
Ng'ombe amekataa maji. Sikuenda kanisani. Nimemfunga mkanda, nikazungusha peke yangu, upande huu kidogo, ule kidogo. Saa nane Abner akaingia zizini na suti ya Sabato. Hakunisalimu. Akashika spana ya pili. Kuvuta kunaruhusiwa.

Ameinuka! Miguu ya mbele imesimama. Wa nyuma mmoja umekanyaga. Mmoja tu — halafu tak! Nukta moja ya ndoano ya pili imeachia.

Abner ameingiza mti chini ya mkanda, ameubeba begani. Tukimshusha hatainuka tena, sote tunajua. Amenikataza kumgusa ng'ombe, nisije nikamtikisa. Naandika kwa kuwa sina kingine cha kushika. Mashine iko hatua tatu kutoka kwake. Nimemuuliza kama ataiwasha. Suti imechanika begani, na anatazama nje mlangoni.

Saa kumi na nusu. Jua bado liko juu ya majani chai, na Sabato haiishi mpaka lizame.