Kiti Cheusi cha Kamionete ya Tata

Mujukuu wangu Kapya,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata babu yako: niliwahi kumwomba mfu nafasi, naye akasogea.

Huku Likasi tuko wazima, mama yako anakusalimu. Unauliza kama ubadilishe rangi ya viti vya kamionete yako ya zamani. Badilisha, lakini usikie kwanza.

Wakati Katanga ilijitenga na Kongo, nilikuwa msichana wa haya nyingi. Tata, baba yangu, alinunua kamionete, gari ndogo ya mizigo, ya dereva aliyekufa wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Kiti chake kilikuwa cheupe. Tata akakipaka rangi nyeusi bila kwanza kuomba ruhusa kwa mjane, kama inavyotakiwa kwetu. Asubuhi vumbi la chokaa lilikuwa limechora mgongo wa muntu kwenye kiti, mbele ya usukani. Tukafuta, likarudi.

Siku ya kukimbilia Mulungwishi, bunduki zikisikika karibu, Mama alikataa kupanda.

"Miye siwezi kukaa na ule mfu mwenyewe wa motoka!"

"Basi weye unataka kubakia na askari?" Tata akamjibu, lakini naye hakugusa mlango.

Nikaingia peke yangu. Nikasalimu kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, maana sikujua kama marehemu alisoma Kifaransa. "Papa, tunaomba nafasi." Springi za kiti zikalia polepole, kama muntu mzito anayesogea kuelekea dirisha.

"Mama, panda," nikaita. "Kuko nafasi."

Basi ulizia nani alikaa pale, umusalimu, ndipo upake.

Nasikia hatua za mama yako mlangoni. Nilitaka kufunika karatasi, lakini naiacha wazi. Naye asome.

Bibi yako