Maji ya viazi ya Faradji

Rayhana, uko? Tumerudi sasa hivi na bwana yangu Faradji toka dialize, kule mashini inamusafishaka damu.

Leo yule mama mwenye kufundisha chakula ya wagonjwa wa figo aliuliza siye bibi zao: viazi munapika namna gani? Mi na kiburi yangu nikasimama. Ninakata vidogo, ninachemsha, ninatoa ile maji, ninachemsha tena. Wakanipigia makofi, Rayhana! Makofi!

Akauliza: "Na ile maji unamwaga wapi?"

Nikajibu: "Simwagi, mama. Namupikia nayo supu, juu nguvu yote ya viazi inabakia mule."

Yooo, Rayhana!

Akasema polepole: "Ile potasiamu yenye inasimamishaka moyo ya mugonjwa wa figo, tunachemsha viazi juu itoke, ibakie mu maji. We unamurudishia mu kikombe."

Miezi tatu! Kila mangaribi! Mi mwenyewe, na mikono yangu!

Faradji hakunigombeza. Mu njia ya kurudi alisema tu: "Ile supu ndjo kitu moja tu tamu ilikuwa imenibakilia."

Sasa nimemupikia viazi. Maji yote nimemwaga. Amekula kipande kamoja, akageukia ukuta.