Mbuzi Aliyeniegemea

Garissa, Jumatano, kiangazi cha 1996

Leo joto limeamka kabla yangu. Saa moja asubuhi mabati ya paa yalikuwa tayari yanalia, na maji ya mtungi yalikuwa vuguvugu. Lakini si joto lililoninyima chai. Nilikuwa na jambo la kumwambia Daktari, na nilijijua. Nikinywa chai nitakaa, nikikaa nitaanza habari nyingine, na siku itapita kama zile nne zilizotangulia.

Nimesema uongo kwa siku nne. Nauandika hapa mapema ili nisije nikajifanya nimesahau.

Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo. Hivyo ndivyo barua yangu ya kazi inavyosema. Mama yangu kule Kitui huwaambia watu kanisani kwamba bintiye ni nesi wa mbuzi, na wakicheka, anacheka nao. Huu ni mwaka wangu wa pili Garissa. Nilikuja nikilia, nikipanga namna ya kuomba uhamisho. Siku hizi nikienda likizo nyumbani ninaulizia maziwa ya ngamia mpaka dada zangu wanachoka na mimi.

Tangu mwezi uliopita niko kwenye kambi ya majaribio, nje kidogo ya mji. Kuna homa ya mapafu inayoua mbuzi huku. Wanakohoa, wanaacha kula, na zizi zima linakwisha. Daktari, mtafiti aliyetumwa kutoka Nairobi, ameleta chanjo mpya na anataka kujua kama inauzuia ugonjwa huo. Tulianza na mbuzi kumi na wawili wazima. Sita tuliwachanja na kuwavisha hereni za buluu masikioni. Sita hatukuwachanja, tukawavisha hereni nyekundu. Kisha tukawaweka wote zizi moja na mbuzi wagonjwa, tukangoja.

Huko kungoja ndiko kulikonishinda.

Wa hereni nyekundu wakiugua, hatuwapi dawa. Si kwamba dawa hakuna. Ipo kwenye sanduku langu la vifaa, chupa ya dawa ya njano, na sindano zimelala kando yake. Lakini jaribio linataka tuone ugonjwa unamfanya nini asiyechanjwa. Kazi yangu ni kupima joto asubuhi na jioni, kuandika kwenye rejista, na kwenda zangu.

Mwenzangu kazini ni Abdi, mtu wa Wajir, baba wa watoto watatu, mpole kuliko mimi. Yeye anasema sita wakifa ili mbuzi wa mkoa mzima wapone, hiyo ni sadaka. Nilimwambia sadaka hutolewa kwa hiari, na mbuzi hawakuulizwa. Akasema hata wale wa Idd huwa hawaulizwi. Tulibishana hivyo mpaka chai ikapoa, tukainywa ikiwa baridi, tukaendelea kubishana. Nampenda Abdi kwa sababu hachoki na ubishi wangu wala haupeleki nyumbani.

Kisha kuna Adey.

Namba kumi na moja, hereni nyekundu, mweupe mwili mzima isipokuwa magoti. Wiki ya kwanza alikula pembe ya rejista, na hadi leo ukurasa ule una alama za meno. Wenzake nikiwapima joto wananipiga mateke, na nawaelewa, maana kipimajoto hakiingii mdomoni. Adey alikuwa akiniegemea magotini kwa uzito wake wote na kufumba macho, kana kwamba nimekuja kumkuna tu. Nilimpenda. Sina njia nyingine ya kuliandika.

Jina alipewa na Eddo Halima. Eddo kwa Kisomali ni shangazi, na kambini sote tunamwita hivyo, hata Daktari. Mbuzi wote kumi na wawili walikuwa wake. Walikuwa mabaki ya zizi lake kule Ijara, humuhumu wilayani Garissa, baada ya homa hiyohiyo kuwamaliza wengine. Ofisi iliwanunua kutoka kwake, kisha ikamwajiri awachunge haohao. Ana desturi moja. Akiuza mnyama, kamba aliyomfungia akiwa mchanga haiendi na mnyama, anarudi nayo nyumbani. Abdi anasema bibi yake alikuwa akifanya vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Jumamosi Adey hakuinuka. Alikuwa amekohoa siku tatu, na sasa alilala shingo ameinyoosha, pua zinachuruzika. Eddo alikuwa amechuchumaa kando yake, mtandio wake ameutandaza kwa mikono miwili kumkinga na jua.

"Abaayo," aliniita, yaani dada, "mbuzi hii iko na homa. Dawa iko kwa sanduku yako. Sasa hii dawa nangoja nini?"

Nilimjibu kwamba kazi hairuhusu. Aliondoka kwenda kuchota maji. Abdi alikuwa amekwenda mjini kuleta majani. Nikafungua sanduku.

Nilimchoma Adey sindano shingoni, upande wa kushoto.

Dawa ile ukiichoma mara moja hukaa mwilini siku kadhaa. Jumapili alinyanyua kichwa. Jumatatu alisimama. Jana alikuwa anatafuna majani na kuniangalia mimi na rejista yangu kwa tamaa yake ya zamani. Kila siku niliandika joto lake la kweli. Kwenye safu ya dawa sikuandika kitu. Uongo wangu haukuwa na hata neno moja, ulikuwa nafasi tupu.

Jana asubuhi Namba Saba alikufa.

Naye alikuwa wa hereni nyekundu. Naye alikohoa mbele yangu siku zilezile, akalala vilevile, na sanduku lilikuwa palepale. Sikulifungua. Basi nisijidanganye kwamba nilimtibu Adey kwa sababu alikuwa mgonjwa.

Nilimtibu kwa sababu ananiegemea.

Jana hiyohiyo mchana Daktari alikaa na rejista, akafurahi. Alituita mimi na Abdi akatuonyesha mstari wa namba kumi na moja. Asiyechanjwa, ameugua sana, kisha amepona mwenyewe. Akasema huenda ugonjwa wa huku si mkali kama ulivyodhaniwa, na kama ndivyo, chanjo ipelekwe kwanza wilaya nyingine, Garissa ingoje. Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema. Abdi aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa naangalia ile nafasi tupu kwenye safu ya dawa.

Jioni nikamfuata Eddo Halima. Nasema kweli, nilikwenda kutafuta mtu wa upande wangu. Yeye ndiye aliyeuliza dawa inangoja nini, kwa hiyo nilitarajia ataniambia nimefanya vyema na ninyamaze. Nilimweleza kila kitu. Kumbe alijua tangu Jumamosi. Alikuwa ameona doa la njano kwenye manyoya ya shingo, akanyamaza kuona nitasema lini.

"Mimi naomba," alisema. "Mimi mama ya mbuzi, kuomba ni kazi yangu. Wewe, kukataa ni kazi yako."

Nikamwambia Adey amepona, si ndivyo alivyotaka.

"Adey iko fizuri, alhamdulillahi. Lakini Ijara watu nangoja hii chanjo. Mbuzi yangu ilikwisha. Yao bado. Wewe nataka yao pia ikwishe?"

Hakupaza sauti. Alinimiminia chai akaijaza sukari kupita kiasi, kama anavyofanya kila mara baada ya kunigombeza, akanilazimisha nimalize. Nilimaliza. Nadhani hakuna mtu aliyenigombeza kwa upendo hivyo tangu niondoke kwa mama yangu.

Ndiyo maana leo asubuhi sikunywa chai.

Nilimwambia Daktari nikiwa nimesimama. Aliuliza siku gani, saa ngapi, kipimo gani, shingo upande gani. Nikajibu. Alichukua kalamu akapiga mstari mmoja juu ya namba kumi na moja, kutoka siku ya kwanza hadi ya jana, akaandika pembeni kwa ule mwandiko wake mbaya: "Alitibiwa. Ameondolewa." Akanipa kalamu nitie sahihi. Alisema itabidi aliandike jambo hili kwenye ripoti pamoja na jina langu, na hajui ofisi itaamua nini. Kisha akafunga rejista. Ningependa angefoka kidogo.

Kwa kuwa tayari nilikuwa mashakani, nilisema na lile lingine. Nilisema sina tena ubishi na jaribio lenyewe, Eddo ameumaliza. Lakini mbuzi aliyeshindwa kusimama hana jipya la kutufundisha isipokuwa saa atakayofia. Namba Saba alilala anahema siku mbili. Mapafu yake tungeyaona yaleyale hata kama tungemmaliza mapema.

Daktari alivua miwani akaniuliza kwa nini sikusema hivyo siku ya kwanza.

Nimelibeba swali hilo mchana kutwa. Mimi ndiye ninayeshinda na mbuzi hawa. Daktari anaona namba zao, mimi nasikia wanavyohema. Nikinyamaza, nani atamwambia? Nilijiona mtu wa kupima joto tu, na kwa sababu sikuthubutu kusema mchana, nikaishia kuiba dawa watu wakiwa wamegeuka.

Amekubali. Kuanzia leo, aliyeshindwa kusimama tangu asubuhi hadi adhuhuri hatafikishwa jioni. Alitaka tutumie sindano. Abdi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akasema hapana, kisu na bismillah, hata kama nyama itazikwa. Daktari akakubali na hilo. Abdi alipopita karibu yangu alinisukuma bega, na hiyo ndiyo pole yake.

Ikabaki shauri la Adey. Kwenye jaribio hana kazi tena. Hawezi kupelekwa kwa mchinjaji akiwa na dawa mwilini, na hawezi kuchanganywa na mbuzi wengine, kwa kuwa huenda bado amebeba ugonjwa. Daktari akasema anatakiwa mtu wa kumfunga peke yake mpaka ruhusa itoke, mtu asiye na mbuzi hata mmoja. Sote tukamgeukia Eddo Halima, aliyekuwa ameketi nje ya mlango. Yeye alikuwa anaangalia mawingu ambayo hayakuwepo, kana kwamba habari haimhusu.

Baada ya sala ya alasiri alirudi na kamba. Alizileta zote kumi na mbili zikiwa zimefungwa ndani ya kitambaa. Aliketi chini kivulini akaanza kuzitenganisha kutafuta ya Adey, na kila kamba aliyoiweka kando aliitajia jina kwa sauti ya chini. Gududo. Madowa. Dhegyar.

Nilimuuliza Dhegyar ni yupi. Alishika sikio lake akanionyesha kwa vidole udogo wake. Ni Namba Saba.

Mimi ndiye niliyelitoboa sikio lile. Nakumbuka niliona hereni ni kubwa mno kwake, nikaibana hivyohivyo, nikaita anayefuata. Wote walikuwa na majina tangu wazaliwe. La Adey nililijua kwa sababu alikuja mwenyewe magotini pangu. Ya wengine sikuuliza.

Eddo alimfunga Adey kamba yake. Ilikuwa fupi, ya mtoto, ikambidi aiongeze kwa kipande cha kitambaa. Adey akamwegemea pajani akafumba macho. Mimi hakunigeukia hata mara moja, na sikumlaumu. Waliondoka polepole kwa njia ya nyuma, mbali na mazizi ya watu, nikawatazama mpaka nikaona nasimama pale bila kazi.

Sijui ofisi itaniandikia nini. Ikibidi nirudishwe Kitui, mama atafurahi, na mimi nitalia tena, safari hii nikienda upande mwingine. Lakini sitaki kuondoka kabla kazi hii haijaisha, na nimeona ajabu kulisema.

Majina ya wale wengine kumi na mmoja nimeyaandika nyuma ya daftari hili, Abdi akinisahihisha. Wanne wa hereni nyekundu bado wako hai. Gududo amekohoa jioni nzima. Kesho saa moja nitaanza naye. Nitamwita kwa jina lake, nitamwekea maji karibu, nitampima joto na kuliandika, na ile chupa ya njano itabaki sandukuni.

Mungu, naomba tu asiniegemee.