Harage la Madoa

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta bandeji ya jicho imeshaondolewa, na Shangazi ameacha kukuzuia kutoka uani. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, maana najua hupendi kusomewa barua zako. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, anasema kiti chako cha jikoni hakikaliwi na mtu isipokuwa paka, na paka naye anafukuzwa. Maharage yako nyuma ya jiko yametoa maua. Nayamwagilia jioni kama ulivyoniagiza, shinani, si kwenye majani.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi. Kamati ya bonde imekigeuza kile chumba cha kupokelea maziwa kuwa chumba cha historia, ili wageni wajue kwa nini bonde letu limehifadhiwa. Walitaka mtu mwenye mwandiko mzuri asiyependa maneno mengi. Mwalimu mkuu aliwaambia anaye mmoja, na kwamba hilo la pili nimelizidisha. Basi kila asubuhi nafungua madirisha, napangusa vumbi, kisha nakaa kuandika mbao za maelezo. Harufu ya maziwa bado ipo ukutani, hasa jua likiwaka.

Bibi, sikujua kama tunaishi ndani ya mambo mengi hivi. Nimeandika ubao wa mfereji, jinsi familia nne za kwanza zilivyouchimba kwa misimu mitatu, na jinsi mpaka leo kila nyumba inavyosafisha kipande chake kabla ya kupanda. Nimeandika ubao wa maghala ya mawe, yale ambayo sasa hakuna ruhusa kuyabomoa. Nimeandika kwamba juu ya ardhi inayolimwa haijengwi nyumba, na ndiyo maana nyumba zetu zote zimejibana huku mlimani kama kuku wakati wa mvua. Katibu alisoma hiyo ya kuku akacheka, akasema niiache.

Ubao ulionichelewesha ni ule wa kura. Wewe ulikuwepo, lakini acha nieleze kama ninavyoeleza wageni. Kampuni ilitaka kununua bonde zima ijenge nyumba, na watu wakagawanyika. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mkulima alipewa maharage mawili, jeupe la kubaki na jekundu la kuuza, akatumbukiza moja kwenye chungu. Kura zikilingana, bwana wa ofisi ya ardhi ndiye angeamua, na kila mtu alijua anataka kuuza. Yalitoka meupe thelathini na nane, mekundu thelathini na saba, na moja la madoa ambalo kitabu kinasema “halina upande”. Yote yakatiwa kwenye chupa moja, mdomo ukafungwa kwa nta siku ileile. Unajua jinsi mwenye harage lile anavyotaniwa hadi leo. Mtu akisitasita kuchagua hata kitambaa dukani, anaitwa Bwana Madoa.

Sasa Bibi, nakuomba ukae kwanza.

Jumanne iliyopita nilikuwa napangusa rafu. Chupa ikaniponyoka, ikavunjika, maharage yakatapakaa sakafuni. Nilipiga magoti nikaanza kuyaokota huku nalia, na la tatu au la nne kushika lilikuwa lile la madoa. Nililijua palepale. Madoa ya zambarau, na duara jeupe kwenye jicho. Nimeyachambua maharage yako ya namna hiyo tangu sijaanza shule, na sijayaona kwenye shamba lingine lolote.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia kaka yako, Babu wa ng'ambo ya mfereji. Alikuja kuleta lile jembe lake la zamani tulitundike ukutani. Hakunigombeza. Aliweka jembe chini, akashuka magotini na miguu yake ile mibovu, akaanza kuokota na mimi. Alikuwa anapiga soga, ananieleza jinsi alivyotaka kuuza kwa sababu mafuriko yalikuwa yamembebea mavuno miaka miwili mfululizo. Akasema marehemu Babu alitaka kubaki, na wewe ukawa katikati, mume huku, kaka kule. Lakini akasema hana kinyongo, kwa kuwa siku ile dada yake alimtilia jekundu. Alikuwa na hakika.

Nami nakumbuka marehemu Babu akijisifu kwamba ulimtilia jeupe.

Tulipomaliza, alihesabu. Akahesabu tena. Akasema kwa utani kwamba Bwana Madoa ametoroka, na kwamba woga haujamtoka. Harage lilikuwa ndani ya ngumi yangu, Bibi. Ningeweza kulitia mfukoni, nikasema limeingia kwenye ufa wa sakafu. Lakini alikuwa anacheka, anakucheka wewe bila kujua, na mimi nisiyejua kusema nikashindwa kunyamaza. Nilifungua mkono.

Alilichukua akaenda nalo dirishani. Aliligeuzageuza kwenye mwanga, mpaka nikatamani nirudi kwenye vipande vya chupa. Kisha akasema, “Hii ni mbegu ya mama yetu.”

Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu. Ungempa lile jekundu, kura zingelingana, na bonde lingekwenda. Alitazama nje, shamba lake lile ambalo siku hizi haliguswi na mafuriko tangu mfereji upanuliwe, na wajukuu zake wakipalilia. Akasema, “Kumbe hakunipa. Na mimi miaka yote namshukuru.” Nilidhani amekasirika. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji.

Nimekuwa msaliti wa siri yako, Bibi, na nakuomba msamaha. Ameapa hatamwambia mtu kabla yako. Kamati nimewaambia nilivunja chupa, wakanunua nyingine mbili. Maharage mengine yapo kwenye chupa kubwa, na lile la madoa nimeliweka peke yake kwenye chupa ndogo. Chini yake kuna kibao kitupu. Ukiniambia niandike, nitaandika. Ukiniambia nisiandike, kitabaki hivyohivyo, nami nitawaambia wageni kwamba si kila aliyenyamaza aliogopa. Nimeshafanya mazoezi ya kusema hivyo kwa sauti.

Babu wa ng'ambo amenipa ujumbe mmoja. Anasema mama yenu aligawa mbegu zile kwa mabinti tu, naye hajawahi kupata hata punje. Sasa anadai. Nimemwambia siwezi kuchuma bila ruhusa yako, akanijibu kwamba nimekufuata wewe.

Msalimie Shangazi na wadogo zangu. Jicho likipona, rudi. Paka anakungoja, na sote.

Mimi mjukuu wako,
Mkimya