Pazia la Chumba cha Mama

Shoga, mwili wote unanisisimka. Lile pazia la mota ambalo dada alimtengenezea mama alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, tangu tumzike linafunguka lenyewe. Lenyewe!

Leo dada kasema amechoka kuogopa, akapima umeme. Kumbe friji ikiwaka umeme unashuka, kisanduku kinachoendesha mota kinazima na kujiwasha upya, na kikiwaka tu kinafungua pazia.

Akakiwekea betri yake. Friji ikawaka, pazia likatulia tuli. Dada akacheka mpaka machozi.

Mara baba akaingia. Akalitazama pazia, akalitazama tena.

"Mbona mama yenu leo hajafungua?"

Shoga, dada bado ana bisibisi mkononi. Kumbe kila likifunguka, baba huingia kumsalimia mama.